Kina cha Swali

Swali nililiandika mimi mwenyewe, na hilo lieleweke mapema, kabla mtu hajaanza kunionea huruma. "Je, mtambo wa pakiti utakuwa unafanya kazi kabla ya mwezi huu kwisha?" Ndiyo au Hapana. Nililiweka Sokoni Jumatatu asubuhi, na chai yangu haijapoa nikakuta limeshaharibiwa.

Soko ninalosema si la nyanya. Ni programu ya kubashiri ya kiwanda chetu cha maziwa. Kila mwezi mfanyakazi anapewa pointi. Mtu akiuliza swali, wenzake wananunua Ndiyo au Hapana kwa pointi zao, na namba inayopanda na kushuka kwenye skrini ya kantini ndiyo inayosema sote kwa pamoja tunaonaje. Hamsini maana yake hatujui. Tisini maana yake tuna hakika, kasoro kidogo. Aliyebashiri sawa pointi zake zinazaa, aliyekosea zake zinakwenda na maji, na mwisho wa mwaka picha ya mshindi inatundikwa ukutani karibu na mtungi wa kuzimia moto. Hela haimo kabisa, na labda ndiyo maana watu wanagombana kwa moyo mweupe.

Kazi yangu ni kupanga safari za magari ya kusambaza maziwa, lakini jina langu la kiwandani ni Bi Maswali, maana nusu ya maswali ya Soko yametoka kwangu. Kwa hiyo nilipoona swali langu limeruka kutoka hamsini hadi tisini na moja, nilishuka ngazi mbio hadi kwa msimamizi wa programu. Ni mwanamume wa makamo mwenye upara unaong'aa, na tunamwita Nywila kwa sababu hata ukimpelekea habari ya msiba atakuuliza kwanza kama umesahau nywila.

"Nani amelisukuma?" nikamuuliza.

"Habari za asubuhi na wewe pia, Bi Maswali."

"Nani?"

"Injinia."

Nilijua. Injinia ndiye aliyepewa kazi ya kuusimika mtambo mpya wa pakiti, wa kuchukua nafasi ya ule wa chupa, na kwa miaka miwili kila akiulizwa hujibu neno moja, tayari. Tayari wiki ijayo. Tayari, ukiondoa jambo dogo. Kiwanda kizima kinamwita Bwana Tayari, na mwenyewe anaitika.

"Kaweka pointi ngapi hata ikaruka vile?"

"Chache tu." Nywila akasogeza kikombe chake cha chai mbele yangu. "Tazama. Kijiko kimoja cha sukari humu, utakisikia. Kijiko hicho hicho kwenye sufuria la kantini, nani atajua? Swali lako ni kikombe. Programu inalipatia kila swali ukwasi ule ule, kidogo, liwe la mtambo au la nani atachelewa kesho. Mtu mmoja akitia kijiko chake, chai yote imekuwa tamu."

Ukwasi ni neno lake yeye. Sisi wengine tunasema kina. Swali likiwa na kina kidogo, mtu mmoja anaipeleka namba anakotaka. Likiwa na kina kikubwa, lazima wajitokeze wengi ndipo isogee.

"Basi liongezee kina."

"Siwezi. Wala wewe huwezi. Mwenye swali akishaliandika hana mkono tena. Ndiyo sheria."

"Mchimba kisima hukatazwa maji," nikasema.

"Sheria sikuitunga mimi, mama. Mimi ninazo nywila tu."

Wiki nyingine ningecheka nikaenda zangu. Lakini asubuhi ile ile Meneja alikuwa ametukusanya akasema amechoka na ahadi, sasa ataliuliza Soko. Ijumaa saa sita mchana atatazama skrini. Swali la mtambo wa pakiti likisimama themanini au zaidi, atatia sahihi kuufunga mtambo wa chupa mwisho wa mwezi, na watu wake watapewa barua. Likiwa chini ya hapo, chupa zinaendelea hadi mwakani.

Mtambo wa chupa unaendeshwa na wanawake kumi na kitu, na mkubwa wao ni dada yangu wa toka nitoke. Aliingia pale akiwa msichana, mimi sijaanza hata shule, na mpaka leo wanamwita Mama Chupa. Kwa umri wake, akitoka pale, hakuna kiwanda kitakachomwita hata kwa usaili. Kazi ya dada yangu ilikuwa imening'inia kwenye kijiko kimoja cha Bwana Tayari, na uongo wenyewe ulikuwa mchana kweupe. Pakiti zilikuwa zinavuja. Kifaa cha kufungia midomo yake kilikuwa hakijafika, na kila aliyekanyaga ukumbi ule alirudi nyumbani soksi zikinuka maziwa.

Nikapanda tena ngazi, safari hii hadi kwa Meneja.

Meneja wetu haongei kwa sauti. Unalazimika kuinama ili umsikie, na ukishainama umeshakuwa mpole. Siku ile nilikataa kuinama.

"Meneja, namba ile si ya kiwanda. Ni ya mtu mmoja."

"Wengine wamezuiwa kubonyeza?"

"Hawajazuiwa. Lakini kwa kina kile, leo mmoja atapandisha, kesho mwingine atashusha, na Ijumaa atakayebonyeza wa mwisho ndiye atakayekuwa ameamua. Hapo tutakuwa tunagombea kiti tu, hatubashiri."

"Unataka nini?"

"Mwenye swali aamue kina cha swali lake. La nani atachelewa kesho libaki kikombe, hili liwe sufuria. Sikuombi pointi. Nitatia zangu."

Akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Kuongeza, sawa," akasema. "Kupunguza, hapana. Ukitoa umetoa."

Nilitoka pale nimeshinda, na mwenye hasira akishinda ni wa kuogopwa. Jumanne asubuhi Nywila akanifungulia kitufe kipya, nami nikamimina pointi zangu zote nilizokusanya kwa ubashiri wa muda mrefu. Sikubakiza.

"Polepole, Bi Maswali," Nywila akasema. "Sasa hivi namba iko tisini na moja."

"Ndiyo maana! Nataka yule bwana asiisogeze tena hata kwa jeki."

Nywila akakuna upara, akanyamaza. Nywila akinyamaza ujue kuna kosa mahali, lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kujua kitu.

Hasira hasara. Mchana wanawake wa chupa waliingia kantini na simu zao, wamejipanga kama wanaokwenda kupiga kura. Watatu wa kwanza wakaweka pointi zao zote kwenye Hapana. Tukainua macho kwenye skrini. Tisini na moja ikawa tisini. Ikakaa hapo. Waliobaki, kuona namba haina habari nao, wakarudisha simu mifukoni.

"Bi Maswali, umetufanyia nini?" akauliza mmoja.

"Ameimwagia zege," akajibu mwingine, na wote wakacheka kicheko kisicho na raha.

Nilitamani ardhi ipasuke. Walikuwa wamesema kweli kabisa. Nilikuwa nimeongeza kina baada ya Bwana Tayari kutia sukari yake, kwa hiyo nilichokuza ni chai iliyokwishaharibika. Nilifunga mlango kumzuia mwizi na mwizi mwenyewe yumo ndani. Waliojua ukweli walikuwa na vijiko vidogo, na mimi, mtetezi wao, niliwaletea sufuria wasiloweza kulikoroga.

Jioni nilimweleza dada. Tunakaa nyumba moja, yeye na mumewe chumba cha mbele, mimi cha nyuma, na hakuna siri inayoweza kupita ukumbini bila kukanyagwa. Dada alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja nguo.

"We mtoto," akasema, "tangu zamani ukitumwa chumvi unaleta gunia."

Angenigombeza ningelala vizuri.

Jumatano nilikuwa mlangoni kwa Meneja kabla hajavua koti.

"Nilikuambia ukitoa umetoa," akasema.

"Uliniambia, nikakubali, na tukakosea wote wawili. Kuongeza bila kupunguza ni nusu ya usukani. Gari linakata kulia tu."

"Una dada pale."

"Ninaye. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Sitakudanganya kwamba simfikirii."

"Basi nikikupa mkono wa kupunguza, nani ataniambia kwamba hutapunguza saa inayomfaa dada yako?"

Lilikuwa swali zuri kuliko langu, na liliniuma. Nilijua tu kwamba sitoki mle chumbani bila kupata jibu lake, hata kama nitakula chakula cha mchana juu ya zulia lake.

"Yaonekane," nikasema mwishowe. "Kila nikiongeza au nikipunguza, skrini ya kantini iseme pale pale. Jina langu, na sababu yangu, watu wote wasome. Na Ijumaa ikifika saa tano kina kifungwe. Kuanzia hapo hadi saa sita nisiguse chochote, watu wabashiri tu. Na sheria hiyo iwe ya kila mwenye swali, si yangu peke yangu."

"Na ukikosea tena?"

"Nitakosea mbele za watu."

Meneja akaangalia dirishani, kisha akainua simu akampigia Nywila. Nywila alifanya kazi hiyo siku nzima, akilalamika kwa kila aliyepita kwamba katika maisha yake hajaona mwanamke mwenye kumsumbua kama mimi, ukimwondoa mama mkwe wake.

Jioni ile shemeji yangu alikuwa na ushauri. Shemeji ni fundi cherehani, hana habari na maziwa, lakini jambo lolote lenye ujanja ndani yake analisikia hata akiwa usingizini.

"Shemeji, mbona dogo hilo?" akasema, akikata uzi kwa meno. "Ijumaa, saa tano kasoro, chota kina chote. Kibaki tone. Dada yako hajawahi kubashiri hata mara moja, si ndiyo? Pointi zake zimelala tangu Soko lianze. Saa sita kasoro anabonyeza Hapana mara moja tu, namba inaporomoka mpaka sakafuni. Wakistuka saa sita imefika."

"Wewe shona," dada akamwambia.

Nilitamani. Sitaficha. Nililala na ule mpango kichwani na nikauona mzuri kutoka kila upande. Ulikuwa ni ule ule wa Bwana Tayari, umegeuzwa tu ndani nje kama nguo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na nilijiuliza, kama nimepiga kelele wiki nzima kwamba namba ya mtu mmoja si namba ya kiwanda, kwa mdomo gani nitasema namba ya dada yangu ndiyo ya kiwanda? Asubuhi niliamka na kichwa kizito na nia moja.

Alhamisi nilikaa na Nywila tukatafuta kiasi. Tulitaka kina ambacho Bwana Tayari, hata akitia pointi zake zote zilizobaki, ataisogeza namba kidogo tu, lakini watu wa chumba kimoja wenye nia moja wataipeleka mbali. Tulipokipata nikachota kilichozidi kikarudi kwangu. Sehemu ya sababu nikaandika, "Nilikizidisha kwa hasira."

"Neno hilo niliache hivyo hivyo?" Nywila akauliza.

"Liache."

Kantini yote ililisoma, na walicheka chakula chote cha mchana. Mpishi aliniongezea kijiko cha mchuzi akaniuliza kama nacho nimekizidisha. Nilikula nikiangalia sahani yangu. Lakini wakati wakicheka, walikuwa wanabonyeza. Wale wanawake wa chupa walioficha simu Jumanne walizitoa. Wakaja wasafishaji, wakaja wa maabara. Namba ikashuka, si kwa kuanguka, kwa kutembea. Themanini na mbili. Sabini na tano. Jioni ilisimama sitini na tatu.

Bwana Tayari aliweka zake zote kwenye Ndiyo na akapata sitini na nne. Akaja mpaka mezani kwangu.

"Bi Maswali, umeniwekea matope njiani."

"Nimekuwekea watu, bwana."

"Lakini safari hii ni tayari kweli."

Nikamcheka machoni.

Ijumaa nilifika kazini nikiwa na furaha ya kitoto. Saa mbili ilikuwa sitini na nne. Saa tatu, sitini na nane. Nikasema ni wachache wanaojipendekeza kwa Injinia. Ikaenda sabini na mbili. Nilitafuta mkono mmoja mkubwa nyuma yake, sikuuona. Ilikuwa mikono mingi midogo, watu wa stoo, madereva, walinzi wa getini. Nikashuka hadi getini nikamkuta mlinzi na simu mkononi.

"Na wewe umeweka Ndiyo?"

"Nimeweka."

"Kwa nini?"

"Kile kifaa si kimekuja Jumatano jioni? Nimekifungulia geti kwa mikono yangu. Jana wameujaribu mtambo mpaka usiku. Sakafu kavu, Bi Maswali. Kavu kabisa."

Mimi napanga magari yanayotoka. Yanayoingia si kazi yangu, na sikuwa nimeuliza. Wiki nzima nilikuwa napigania ukweli wa wiki iliyopita.

Saa tano ilipokaribia namba ilikuwa sabini na nane. Nilisimama kwenye korido, simu mkononi, na pointi zote nilizochota jana zikiwa zangu. Kosa la Jumanne lilikuwa limenifundisha jambo ambalo hakuna mwingine kiwandani aliyelijua kama mimi. Nikizimimina zote sasa, namba itaganda pale pale. Zege. Watakuja walinzi, watakuja madereva, watabonyeza mpaka vidole viume, na saa sita itawakuta hawajafika themanini. Ni halali. Sheria nimeitunga mimi mwenyewe. Ilibaki kuandika sababu, na nikaandika, "Kuimarisha swali." Nikalisoma. Lilikuwa neno safi, lenye tai shingoni, na kila mtu angelipita bila kuuliza. Nikaogopa jinsi lilivyokuja upesi.

Sikubonyeza. Sikufuta pia. Nikaenda na simu yangu hivyo hivyo hadi kwenye ukumbi wa chupa, maana niliona dada ana haki ya kujua kabla. Niseme kweli, nilitaka aniambie nibonyeze.

Chupa zilikuwa zinapita na kelele zake. Dada alikuwa amekaa juu ya kreti, miwani puani, simu ameishika mbali na uso kama kawaida yake, akibonyeza kwa kidole kimoja polepole. Nikachungulia juu ya bega lake. Ndiyo. Pointi zote, zile zilizolala tangu Soko lianze.

"Dada! Unafanya nini?"

"Nabashiri. Si ndivyo mnavyofanya?"

"Umebonyeza Ndiyo!"

"Nimeona, mdogo wangu. Miwani ninayo."

"Dada, hiyo ni kazi yako. Hiyo ni kazi yako unayoibonyeza!"

Akavua miwani akaifuta kwa pindo la aproni. "Jana nilipotoka nilipita kuutazama. Niliposikia umepona nikasema siamini ya kuambiwa. Nikakaa nao mpaka wakazima taa. Hauvuji. Unafanya kazi, na unafanya kazi vizuri mpaka nimeuchukia." "Wewe uliuliza mtambo utakuwa unafanya kazi au hautakuwa. Hukuuliza mimi nataka nini."

Nikamwonyesha simu yangu, kitufe na ile sababu yake. Nilimweleza zege litakavyofanya kazi kwa maneno machache, maana muda ulikuwa haupo.

"Umepigana wiki nzima isiwe namba ya mtu mmoja," akasema. "Sasa unataka iwe yako?"

"Nataka ubaki hapa!"

"Najua." Akanishika shavu kwa mkono wake wenye maji ya sabuni. "Lakini tukinunua mwaka mmoja kwa uongo, mwaka huo nitauingiaje? Kila asubuhi nitapita mbele ya ule mtambo uliolala kwa ajili yangu, na kila mtu anajua. Nenda. Chupa zinanirundikania hapa."

Akasimama akarudi kazini. Nililia pale pale kati ya kreti na sikuona haya. Nilikuwa na uchungu naye, na Bwana Tayari pia kwa kusema kweli siku moja katika maisha yake, na kiwanda chote. Simu ikalia mkononi mwangu. "Saa tano. Kina kimefungwa." Sikuwa nimetia hata pointi moja.

Saa sita kantini ilikuwa imejaa, watu hadi milangoni. Themanini na nne. Meneja alisimama chini ya skrini akaitazama, kisha akachomoa kalamu akatia sahihi juu ya meza ya kulia chakula, mbele yetu sote, nadhani ili tusiseme alijificha. Hakuna aliyenitukana. Wanawake wa chupa walikuwa wamesimama pamoja karibu na dirisha, dada katikati, na hakuna aliyeangalia upande wangu. Matusi ningeyaweza.

Hapo ndipo hasira yangu iliporudi, lakini imerudi na akili. Dada alikuwa amesema jambo moja ambalo nilikuwa bado nalitafuna. Sikuuliza. Nilikuwa na mkono juu ya kina, nilikuwa na pointi, nilikuwa na jina zima la Bi Maswali, na swali lenyewe sikuliuliza.

Nikatoa simu, nikaandika nikiwa nimesimama. "Je, watu wa mtambo wa chupa ndio watakaouendesha mtambo wa pakiti siku utakapoanza kazi?" Ndiyo au Hapana. Na safari hii nilimimina kwanza, namba ikiwa hamsini, kabla kijiko cha mtu yeyote hakijagusa. Nilimimina zote. Kisha nikatumia kitufe cha mwisho ambacho Nywila alikuwa amekiweka bila mtu kukiomba, cha mwenye swali kujifungia asipunguze hadi mwisho.

Skrini ikasema kwa herufi kubwa, juu ya kichwa cha Meneja. "Bi Maswali ameweka kina. Pointi zote. Amejifungia kupunguza. Sababu: kiwanda kijibu."

Simu zikaanza kutoka mifukoni. Kina kama kile hakijawahi kuonekana Sokoni. Mwenye kujua jibu angevuna mpaka picha yake ipelekwe ukutani hata kabla ya mwaka kwisha. Tatizo, hakuna aliyelijua. Watu wakaanza kuulizana kwa sauti. Nani atauendesha? Wameajiriwa? Wapi? Lini?

"Mimi sina pointi hata moja," Bwana Tayari akasema kutoka nyuma, "lakini niliomba mtambo nikapewa mtambo. Watu wa kuuendesha sijapewa. Nilidhani ofisi imepanga."

"Ofisi imepanga?" mtu akauliza.

"Mama Chupa, wewe unasemaje?" akauliza mwingine.

"Zangu zimekwisha," dada akajibu. "Nimeziweka zote asubuhi."

Wote walijua ameziweka wapi, maana alibonyeza mbele ya wenzake, na kiwanda chetu hakina siri. Watu wakamtazama, na macho yao, bila kuambiana, yakahama kutoka kwake yakaenda kwa Meneja. Naye alikuwa ameinua shingo, anasoma swali mara ya pili. Akatia mkono mfukoni akatoa simu yake. Akaniangalia.

"Na mimi naweza kubonyeza?" akauliza.

"Hapana, Meneja," nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka jikoni. "Hili wewe huruhusiwi. Hili wewe ndiye jibu."

Akarudisha simu mfukoni. Mkono wa pili ulikuwa bado umeshika kalamu.